Utafiti wa tiba za magonjwa ya kuambukiza na ya kudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na jamaa zao kabla hawajaamua kuingia kwenye utafiti wa dawa. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa mara nyingi, mengine karibu kila wiki. Nimeyajibu kwa ajili ya aliyeombwa kushiriki, kwa anayeuguza mtu, na kwa yeyote anayetaka kujua kidonge anachomeza kilithibitishwaje. Uamuzi wa matibabu yako unabaki kati yako na daktari anayekuhudumia.

Utafiti wa tiba unatofautianaje na kutibiwa?

Unapotibiwa, daktari anachagua kile anachoona kinakufaa wewe. Kwenye utafiti kuna swali ambalo bado halijajibiwa, na kuna mpango ulioandikwa mapema unaoeleza nani atapata nini, atapimwa lini na matokeo yatahesabiwaje. Huduma ndani ya utafiti inaweza kuwa nzuri sana, pengine hata ya karibu kuliko kliniki ya kawaida, lakini mpango wenyewe umetungwa ili swali lipate jibu. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wengi huja wakiamini kila kipimo kimepangwa kwa faida yao binafsi. Anayelielewa mapema hashangai akiambiwa aje kutolewa damu siku ambayo hana hata kikohozi.

Daktari wangu ana uzoefu wa miaka mingi. Kwa nini asinipe tu dawa anayoiamini?

Kwa sababu uzoefu unaweza kumdanganya hata mtu hodari na mwenye nia njema. Sijui mfano unaolionyesha hilo vizuri kuliko utafiti uliopewa jina la FEAST.

Fikiria mtoto aliyeletwa hospitali na homa kali. Mikono na miguu ni ya baridi, moyo unakwenda mbio, ukimbonyeza ukucha weupe unakawia kuondoka. Damu haifiki inakotakiwa. Kwa miaka mingi miongozo ya tiba ilielekeza kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, na mantiki yake ilionekana wazi: mzunguko wa damu umelegea, basi tuujaze. Watafiti wa Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza wakaamua kulipima jambo hilo kwa watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali za nchi hizo tatu za Afrika Mashariki. Wengine walimiminiwa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji yenye albumini (protini ya damu) kwa haraka, na wengine hawakumiminiwa kwa haraka. Walipata dripu ya polepole tu. Wote walipewa antibayotiki, dawa ya malaria, damu au sukari kila mmoja kwa kadiri ya hali yake.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 1,000 waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa takriban 105. Kwa wale wa dripu ya polepole walikufa 73. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Kilichonigusa zaidi kilijulikana baadaye, takwimu zilipochambuliwa upya. Katika saa ya kwanza, waliomiminiwa maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Mikono ilipata joto upesi. Daktari aliyesimama pembeni ya kitanda aliona kwa macho yake kwamba maji yanasaidia, na hakuwa anasema uongo. Vifo vilikuja saa kadhaa baadaye, moyo na mzunguko wa damu vilipozidiwa, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akivihusisha na ile dripu ya haraka. Pasipo kundi la kulinganisha, kosa hilo lingeweza kuendelea kizazi kingine kizima.

(Tahadhari: watoto wenye kuharisha na kutapika kulikowakausha maji, na wenye utapiamlo mkali, hawakuhusishwa. Asije mtu akamnyima maji mtoto anayeharisha kwa kusoma habari hii.)

Kwa nini mtu apangwe kwa kura? Si ni kama kucheza kamari na afya yangu?

Tukiwaachia madaktari wachague nani apate dawa mpya, watawapa walio hoi zaidi kwa huruma, au walio na nguvu kwa matumaini. Vyovyote vile, mwisho wa siku hatutajua kama tofauti imetokana na dawa au na hali ya wagonjwa tangu mwanzo. Kura huyafanya makundi yafanane: kwa umri, kwa ukali wa ugonjwa, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima.

Utafiti uliozoesha watu jambo hili ulikuwa wa kifua kikuu, nchini Uingereza, ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba na kuchapishwa mwaka 1948. Dawa ya streptomaisini ilikuwa mpya na chache mno. Haikutosha wagonjwa wote. Majina ya makundi yakafichwa ndani ya bahasha zilizofungwa. Wagonjwa 55 walipata sindano pamoja na kulazwa, na 52 walilazwa tu, ambayo ndiyo ilikuwa tiba ya siku zile. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la dawa na 14 katika kundi la pili. Wengi husimulia habari hii wakaishia hapo. Lakini walipofuatiliwa hadi miaka 5, walikuwa wamekufa 32 kati ya wale 55, na 35 kati ya wale 52. Bakteria walikuwa wamejenga usugu. Dawa moja peke yake iliwapa watu miezi, na ndiyo maana leo hakuna anayetibiwa kifua kikuu kwa dawa moja.

Je, naweza kupewa kidonge kisicho na dawa ndani?

Inawezekana, na ni lazima uambiwe kabla ya kukubali. Kidonge kisicho na dawa hutumika zaidi pale ambapo hakuna tiba iliyothibitika, au kinapoongezwa juu ya tiba ya kawaida ambayo wote wanaipata. Kama ugonjwa una dawa inayofanya kazi, utafiti wa haki hulinganisha dawa mpya na hiyo iliyopo. Uliza hivi, kwa maneno haya haya: "Nisipopata dawa mpya, nitapata nini?" Jibu likizungushwa, usitie sahihi siku hiyo.

Si ndiyo kufanywa panya wa maabara?

Hofu hii ina sababu, na sipendi kuona inapuuzwa. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipokuja kuwa tiba inayojulikana katika miaka ya 1940, hawakupewa. Watu waliachwa waugue ili ugonjwa uangaliwe unavyokwenda. Habari zilipofika magazetini ndipo utafiti huo ukasimamishwa. Kabla ya hapo, ukatili wa madaktari wa Wanazi ulikuwa umezaa Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zinazodai mtu aridhie kwa hiari yake, na Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu maadili ya utafiti, likafuata mwaka 1964.

Siku hizi kila utafiti wa dawa kwa binadamu unatakiwa upitiwe na kamati ya maadili isiyo chini ya watafiti wenyewe. Kwenye majaribio makubwa kuna pia kundi la wataalamu wa nje wanaoangalia takwimu katikati ya safari, wenye mamlaka ya kushauri utafiti usimamishwe. Ndio waliofanya watoto wa FEAST wasiendelee kumiminiwa maji. Ulinzi huu una nguvu pale watu wanapoutumia, kwa hiyo namba ya simu ya kamati iliyoandikwa kwenye fomu yako haipo kwa mapambo. Unaweza kuipiga bila kumwomba mtafiti ruhusa.

Fomu ya ridhaa ina kurasa nyingi. Nisome nini?

Isome yote, au usomewe yote. Nina sababu ya kusema hivyo. Bibi mmoja mwenye presha alikuja na mjukuu wake kusikiliza habari za utafiti. Hakujua kusoma. Mjukuu alisoma haraka haraka, nami nikaongeza maelezo, na tukafika kwenye nafasi ya kidole gumba. Bibi akakunja mkono. "Mjukuu wangu, rudi pale pa damu." Akarudi. Akasomewa tena sentensi iliyosema sampuli zitahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo baadaye ni lini? Na damu yangu itakuwa kwa nani?" Ile sentensi nilikuwa nimeisoma mbele ya watu wengi na hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwa nimejiuliza. Nilimwomba radhi, nikaenda kutafuta jibu, akarudi siku nyingine kulisikia. Aliikubali sehemu ya dawa na kuikataa ya kuhifadhi damu, na fomu iliruhusu hivyo.

Kwa hiyo tafuta sehemu ya sampuli. Tafuta pia nani atakutibu ukidhurika na nani atalipa, nauli na muda wako, siri za taarifa zako, na dawa utakazopaswa kuacha. Chukua nakala nyumbani na ulale nayo. Anayekuharakisha anakosea, hata kama ni mtu mpole.

Nikishaingia, naweza kujitoa?

Ndiyo, siku yoyote, bila kutoa sababu, na bila kunyimwa huduma ya kawaida. Waambie tu, maana dawa nyingine hazifai kuachwa ghafla.

Dawa mpya hupita hatua gani kabla ya kunifikia?

Kwanza maabara na wanyama. Kisha watu wachache, ili ijulikane kama ni salama na dozi iwe ngapi. Kisha mamia, kuona kama inaelekea kufanya kazi. Kisha mamia hadi maelfu, ikilinganishwa na tiba iliyopo. Ikishaidhinishwa bado inafuatiliwa, kwa kuwa dhara linalompata mtu mmoja kati ya 10,000 si rahisi lionekane kwa watu 1,000. Dawa nyingi huishia njiani.

Mbona utafiti wa kisukari au presha huchukua miaka na miaka?

Malaria kali huamuliwa kwa siku chache. Kisukari hudhuru polepole, mishipa midogo ya macho na figo ikichakaa bila maumivu, na ili ujue kama dawa inazuia upofu lazima usubiri muda ambao upofu huchukua kuja. Utafiti mkubwa wa UKPDS wa Uingereza ulianza mwaka 1977, ukahusisha watu 5,102 waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, na matokeo yake makuu yakatoka 1998. Walioshusha sukari kwa bidii zaidi walipata madhara ya mishipa midogo pungufu kwa takriban asilimia 25. Jambo ambalo wagonjwa wengi wa kisukari hawaambiwi vya kutosha lilitoka humo humo: kudhibiti presha vizuri kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44. Mtu anapima sukari kila asubuhi, na presha hajapimwa tangu mwaka jana.

Wapo wanaouliza kwa nini tusipime tu namba kwenye kipimo, tukaokoa miaka. Jibu langu ni utafiti wa CAST. Wagonjwa waliopona mshtuko wa moyo na kubaki na mapigo yasiyo na mpangilio walipewa dawa zilizojulikana kuyatuliza. Kwenye karatasi ya kipimo cha moyo, mapigo yalitulia vizuri kabisa. Lakini kati ya 755 waliopewa flekainidi au enkainidi walikufa 63, na kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 26. Namba ilipendeza, watu wakafa. Tangu hapo, ukisikia dawa "imeboresha vipimo", una haki ya kuuliza kama watu wameishi zaidi au wameishi vizuri zaidi.

Kuna mpaka gani kati ya ugonjwa wa kuambukiza na ugonjwa wa kudumu?

Mdogo kuliko tulivyofundishwa. Vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa vya mawazo na asidi mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba vingi vinatokana na bakteria, Helicobacter pylori. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na akapata uvimbe wa tumbo. Sishauri mtu aige, lakini leo mgonjwa anapona kwa wiki mbili hivi za antibayotiki badala ya kumeza dawa za kupunguza asidi maisha yote. Saratani ya mlango wa kizazi hutokana na virusi vya HPV, ndiyo maana wasichana wanachanjwa. Homa ya ini ya B inaweza kuzaa saratani ya ini.

Upande wa pili, VVU vilikuwa hukumu ya kifo, na dawa mseto za mwaka 1996 zikaugeuza kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Utafiti wa HPTN 052, wenye jozi 1,763 za wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata za PARTNER hazikupata hata ambukizo moja kutoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo. Nimewaona watu wazima wakilia waliposikia hilo kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwa miaka walikuwa wanaogopa kumgusa mtu wanayempenda.

Kwa nini dawa za kifua kikuu zinamezwa miezi mingi hivyo? Utafiti haujapunguza?

Umepunguza sana. Bakteria wa kifua kikuu wanaokua haraka hufa mapema, ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu ndani ya wiki chache, lakini wapo waliolala, na hao hawafi mpaka waamke. Zamani ilikuwa miezi 18. Majaribio ya miaka ya 1970 yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na lile Baraza la Uingereza yalithibitisha kwamba kwa rifampisini, miezi 6 inatosha. Mwaka 2021 mchanganyiko wenye rifapentini na moksifloksasini ukaonyesha kwamba miezi 4 nayo inawezekana.

Kwa kifua kikuu sugu mabadiliko ni makubwa zaidi. Katika utafiti wa Nix-TB huko Afrika Kusini, wagonjwa 109 ambao dawa nyingi zilikuwa zimeshindwa kwao walipewa dawa tatu kwa miezi 6, na takriban asilimia 90 walifanikiwa. Gharama ilikuwa miguu kufa ganzi na kuwaka moto kwa wengi wao, kutokana na dozi kubwa ya linezolidi, mojawapo ya hizo tatu. Utafiti uliofuata ukapunguza dozi, madhara yakashuka na mafanikio yakabaki. Ile ganzi ingeachwa bila kuripotiwa, dozi isingeshushwa. Sema kila kinachokusumbua, hata kama unaona ni kidogo.

Vipi kuhusu mitishamba?

Dawa bora za malaria tulizonazo zimetokana na mmea. Tu Youyou wa China alisoma maandiko ya kale yaliyosema mmea wa Artemisia annua uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha, akagundua kwamba kuchemsha ndiko kulikokuwa kunaharibu kiini chake. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ila kati ya jani na kidonge kulikuwa na kazi ya kupima kiasi, usalama na nguvu. Kikombe cha majani hakina dozi inayojulikana, na dozi pungufu hufunza vimelea usugu. Kama unatumia mitishamba, mwambie daktari. Hatakugombeza, na kama atakugombeza bado ni afadhali ajue.

Nikisoma kwamba dawa "imepunguza vifo kwa asilimia 22", nielewe nini?

Uliza: kutoka ngapi hadi ngapi? Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010 ulilinganisha artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Waliopewa kwinini walikufa 109 katika kila 1,000. Wa artesuneti walikufa 85. Hiyo ndiyo asilimia 22. Kwa lugha nyingine, watoto 24 katika kila 1,000 wanarudi nyumbani ambao wasingerudi, na kwa ugonjwa unaolaza watoto wengi kiasi kile, hilo lilitosha kuiweka kwinini pembeni. Lakini asilimia 22 ya hatari ndogo sana inaweza kuwa mtu mmoja kati ya elfu nyingi.

Uliza pia iliwasaidia akina nani. Deksamethasoni, dawa ya zamani na rahisi kupatikana, ilionyeshwa Juni 2020 kupunguza vifo vya UVIKO-19 kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wagonjwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida yoyote. Walioinunua na kuimeza nyumbani walisoma kichwa cha habari tu.

Utafiti ukiisha, nabaki na nini?

Ni swali la kuuliza mwanzoni, kabla hujawa na deni la shukrani. Kama dawa imekusaidia, utaendelea kuipata? Kwa muda gani, na kutoka wapi? Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu hili ni zito kuliko yote, kwani dawa ya presha ya miaka miwili haimlindi mtu mwaka wa tatu. Azimio la Helsinki linataka jambo hilo lipangwe kabla utafiti haujaanza, na fomu yako inapaswa kulieleza wazi. Kama halimo, mwombe mtafiti aliandike.

Una haki pia ya kuelezwa matokeo, kwa lugha unayoielewa, hata kama dawa haikufaulu. Hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa kuliko pote: matokeo yanachapishwa, yanasomwa mikutanoni, na aliyetoa damu yake hasikii neno. Yule bibi, alipokwisha kuweka kidole gumba, aliuliza jambo moja la mwisho: "Mkishajua, mtaniambia?" Siku hiyo hatukuwa na orodha ya watu wa kupigiwa simu. Tulifungua daftari jipya, na jina lake likaandikwa mstari wa kwanza.